Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): Tunangoja Namba za Nyumbani Katika Simu za Intaneti

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Namba za Tanzania kwa ajili ya kupokelea simu kupitia intaneti

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu jambo linaloweza kuonekana dogo kwa mtu mwenye simu janja na kifurushi kisichokatika, lakini ambalo ni zito kwa mzazi aliye kijijini mwenye kitochi na vocha ya shilingi mia tano.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Hamburg, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mteja wa huduma ya simu za intaneti ambayo humwezesha mtu kukodi namba ya nchi nyingine. Nikitaka namba ya London au ya Chicago naipata siku hiyo hiyo, na yeyote aliyeko huko atanipigia kwa bei ya simu ya ndani. Namba inayoanza na +255 haimo katika orodha yao. Tunaouliza tunajibiwa kwamba Tanzania inafikiriwa na kwamba tutaarifiwa mambo yakiwa tayari. Sababu ya kuchelewa haitajwi, na sisi tumebaki tukingoja. Kampuni hiyo siitaji kwa jina, kwa sababu siandiki kuishitaki. Naandika kwa sababu sehemu ya jambo hili ambayo haimo mikononi mwake imo mikononi mwa Mamlaka unayoiongoza.

Naomba nieleze jinsi huduma hii inavyofanya kazi, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na zile programu za kupigiana bure. Mama yangu yuko Lushoto. Kama ningekuwa na namba ya 027, ambao ni msimbo wa Tanga, Kilimanjaro na Arusha, angeipiga kama anavyompigia jirani yake. Simu ingepita katika mtandao wake wa kawaida hadi kwa mtoa huduma aliyepewa namba hiyo hapo nchini, na huko ndiko ambako sauti ingegeuzwa kuwa data na kusafirishwa kwa intaneti hadi mfukoni mwangu. Mama hahitaji intaneti, hahitaji programu yoyote, wala hahitaji kumsubiri mjukuu arudi kutoka shule amfungulie simu. Gharama ya safari ya pili, ile ya intaneti, ningeibeba mimi kwa kodi ya namba ya kila mwezi. Kwa hiyo mwenye kunufaika zaidi na namba hizi ni yule asiye na intaneti kabisa, na ndiyo maana jibu la kwamba watu wote siku hizi wanatumia WhatsApp halimfikii mama.

Najua hoja ya kwanza itakayoletwa ni ya mapato: kwamba kampuni zetu za simu zitakosa fedha za simu zinazokwenda nje. Ni hoja ya haki, ila naomba ipimwe kwa yale yanayofanyika kweli. Mzazi wa kijijini hapigi simu Ujerumani akazungumza dakika kumi. Anabipu, anakata, halafu anakaa karibu na simu akingoja apigiwe. Nikiwa kazini bipu hiyo naiona jioni, na kama lilikuwa jambo la hospitali, jioni ni mbali mno. Simu ambayo haikupigwa haikumwingizia mtu yeyote senti, ilhali simu ya ndani iliyopigwa ingelilipa kampuni yake, na kampuni inayoipokea nayo ingepata malipo ya maunganisho.

Hoja ya pili ni ya usalama, na hii naichukulia kwa uzito mkubwa zaidi. Hakuna Mtanzania asiyeujua ujumbe wa matapeli wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Kazi ya kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, iliyoanza mwaka 2019 na kufikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, ilikuwa na lengo la kila namba kuwa na mwenyewe anayejulikana, na singependa namba za kukodi ziwe mlango wa nyuma wa kuivuruga. Wapo pia wanaoingiza simu za kimataifa kwa kujificha nyuma ya namba za ndani, wizi ambao Mamlaka imekuwa ikiukabili kwa mtambo wake wa kusimamia mawasiliano, TTMS, tangu mwaka 2013.

Kwa sababu hiyo ombi langu ni finyu kwa makusudi: zitengwe namba za kupokelea tu. Namba isiyoweza kupiga wala kutuma ujumbe haiwezi kumlaghai mtu kwa ujumbe, haiwezi kufunguliwa akaunti ya pesa, haiwezi kuivalisha simu ya nje sura ya simu ya ndani, na halizuki swali la nani atajulikana yuko wapi akipiga namba ya dharura, 112. Mkodishaji awe mwenye leseni hapo nchini, na mpangaji atambulishwe kwa namba ya NIDA au pasipoti. Mfumo wa leseni ulioanza mwaka 2005 ulitenganisha miundombinu na huduma zinazopita juu yake, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeweka usimamizi wa namba chini ya Mamlaka. Kampuni ya kigeni inaweza kushirikiana na mwenye leseni wa Kitanzania bila kusimamisha hata mnara mmoja.

Liko jambo jingine ambalo ningependa liwekwe mapema. Skype, iliyowazoesha wengi duniani kukodi namba za namna hii, ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama kampuni ya simu akabaki na namba yake. Haki hiyo iziguse pia namba hizi, ili mzazi aliyekwisha kuikariri namba moja asilazimike kuanza upya kwa sababu kampuni ya ng'ambo imebadili biashara.

Naiomba Mamlaka ilipokee pendekezo hili, ikusanye maoni ya watoa huduma na ya wananchi walio ndani na nje ya nchi, kisha itoe mwongozo wa Kiswahili unaoeleza masharti, ada na muda wa kushughulikia maombi ya namba za kupokelea tu. Mwongozo huo ukitoka, nitaupeleka mwenyewe kwa kampuni ninayoilipa na kuwauliza wanaanza lini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtanzania aishiye Hamburg, Ujerumani