Mama Kui, Neema anataka utawa

Kilwa Masoko, Jumapili jioni

Mama Kui mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeninunia, maana tangu Pasaka sijakuandikia hata neno. Nisamehe, shoga yangu. Zamu za usiku ziliniandama, mvua zikaharibu barabara, halafu likaja hili. Nimejaribu kukupigia mara mbili nikakata kabla hujapokea, kwa sababu nikianza kulisema sauti inanikauka.

Neema anataka kwenda utawani.

Aliniambia jikoni, mimi nakuna nazi, yeye anachambua mchele. Hakuzunguka. "Mama, nimeshaongea na Paroko. Masista wamekubali niende nikakae nao miezi mitatu." Nikaendelea kukuna hadi meno ya mbuzi yakafika kwenye kifuu, na tui la siku ile likawa jeusi. Sikumjibu. Hata leo sijamjibu sawasawa.

Baba Neema amejibu kwa sisi sote. "Sikuuza korosho misimu mitatu nikamsomesha uuguzi ili nikampe mwenye kanzu." Tangu hapo anakula kimya, ananawa, anatoka kwenda barazani. Bi Mwanahawa wa jirani naye alikuja na sahani ya vitumbua, akakaa, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, kwani nyinyi mtoto wa kike mnamtoa hivi hivi, bila hata ngoma?" Hakuwa na ubaya, unamjua. Lakini swali lake lilinichoma, kwa kuwa ndilo langu. Ni kifungua mimba wangu yule. Nilishaanza kuweka vyombo vya harusi yake kabatini.

Sasa sikiliza. Unakumbuka ile picha takatifu uliyonitumia kutoka Nyeri mwaka 2015, ya Sista Irene Stefani, yule mmisionari Mwitaliano, pamoja na kijitabu? Uliniandikia habari za umati wa tarehe 23 Mei, na jinsi mlivyofurahi kwamba Kardinali Pengo wetu wa Dar ndiye aliyekuja kumtangaza mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu. Niliitia kwenye Biblia nikaisahau. Wiki mbili zilizopita, natafuta zaburi, ikaanguka. Nikakitafuta na kijitabu. Nikafika pale paliposema Kilwa Kivinje, nikasoma tena, nikavua miwani nikaifuta.

Alikuwa hapa, Mama Kui! Miaka yote hii mimi nadhani ni mtakatifu wenu wa huko mlimani. Kumbe vita vya 1914 vilipofika huku, alitolewa kwenda kwenye hospitali za wapagazi: Voi, Kivinje, Lindi, Dar es Salaam. Wale ndio "Carrier Corps", ambao Dar wamewaachia jina la Kariakoo na ninyi Nairobi mna Kariokor. Watu tunakwenda Kariakoo kununua vitenge, hatumkumbuki hata mmoja aliyebeba masanduku ya risasi hadi akafa kwa kuhara. Binti wa Anfo, Italia, ana miaka 20 na ushee tu, anaosha vidonda vya watu hao.

Inasimuliwa kwamba kulikuwa na kijana mmoja, Athiambo, ambaye Sista Irene alikuwa akimfundisha dini kando ya kitanda. Siku moja akafika akakuta kitanda kitupu. Akaambiwa amekufa, ameshapelekwa ufukweni na maiti wengine, maji yakijaa yawachukue. Hakusema "bwana ametoa". Akaenda. Akawageuza maiti mmoja mmoja mpaka akamkuta, na bado anapumua. Akamrudisha, akambatiza.

Mimi ni muuguzi wa miaka 26. Nimefunga macho ya watu wengi. Najua jinsi wodi ikijaa unavyoanza kusema "kitanda namba sita" badala ya jina. Jumamosi nilipanda daladala nikaenda Kivinje, nikasimama ufukweni kwenye mikoko, maji yametoka, watoto wanaokota chaza. Sikujua nitafute nini. Nilikaa hadi maji yakaanza kurudi.

Na tena hilo la Gikondi, huko kwenu Nyeri, wewe unalijua kuliko mimi. Miaka kumi, 1920 hadi 1930, anapanda na kushuka milima na mabuti yake, anafundisha shuleni, anaingia kila nyumba yenye mgonjwa. Mkampa jina Nyaatha, mama wa huruma. Lakini lililonishika mimi ni barua. Akina mama ambao wana wao walikwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa walimwendea awaandikie, na majibu yakija awasomee. Yeye mwenyewe mama yake alishafariki kabla hajaondoka kwao mwaka 1911 kwenda utawani, na alipokuja Afrika hakurudi tena Italia. Nikajiuliza alipokuwa akiandika "mwanangu, nakukumbuka", mkono wake ulikuwa unafikiri nini.

Mwisho wake ndio unaonitisha. Mwalimu mmoja hapo Gikondi akapatwa na tauni, Sista akamuuguza, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba 1930. Miaka 39. Umri huo mimi nilikuwa namnyonyesha kitinda mimba. Usiniambie ni heri, Mama Kui. Najua ni heri. Lakini mimi ni mama, nikisoma hapo naona uso wa Neema.

Paroko alinituliza kidogo. Alinieleza kwamba hawafungiwi mlango. Kuna kuwa mwaspiranti, yaani mtarajiwa, kuna upostulanti wa kujiandaa, halafu unovisi, yaani mafunzo ya utawa, usiopungua miezi 12, ndipo nadhiri za muda, na hizo hazipungui miaka mitatu kabla ya nadhiri za daima. Njiani anaweza kurudi nyumbani, na shirika nalo linaweza kumwambia arudi. Nilimweleza Baba Neema. Akauliza swali moja tu: "Na akirudi, watu watasemaje?" Kumbe na yeye anafikiria kurudi kwake. Nikaona huruma, sikumwambia kitu.

Jana usiku ndipo nilimsomea Baba Neema habari ya Nipepe. Nilitaka asikie kwa kuwa ni jirani zetu, ng'ambo ya Ruvuma, Niassa huko Msumbiji. Januari 1989, watu zaidi ya mia mbili wamejificha kanisani kwa ajili ya vita, hawana maji, wakamwomba Sista Irene, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku zile. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Wamakua wale," kwa sababu bibi yake alikuwa Mmakua kutoka huko huko. Kisha akazima taa. Leo asubuhi alimwita Neema wakaenda pamoja shambani. Hawajaniambia walichozungumza, na roho yangu iko juu juu.

Nakuomba hili: ukipita kanisa kuu hapo Nyeri, nenda kwenye kaburi lake umwambie kuna mama wa Kilwa. Useme tu hivyo, yeye Kilwa anaijua.

Na uniambie ukweli, wewe ambaye wifi yako amekaa utawani miaka 30: mama mkwe wako alilia muda gani? Wifi alikuwa anaruhusiwa kuja wakati wa kuuguza? Aliwahi kukuambia usiku analala anafikiria nini? Anafurahi kweli, au anafurahi tukiwepo? Na vile vyombo vya kabatini nivifanye nini, nimpe mdogo wake au vikae kwanza? Mguu wako umepona? Kui amejifungua?

Neema anaondoka tarehe mosi mwezi ujao. Andika kabla ya hapo.

Wako,
Mama Neema