Mueni, mpigie Baraka

Mueni rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka Umoja. Sisi tu wazima, mvua imenyesha na tope la kuelekea stejini usiseme. Kimya changu nitakieleza siku nyingine, leo nina jambo la mdogo wako Baraka.

Alipita kwangu Jumapili baada ya kanisa. Amenawiri, na kazi ya Industrial Area anaimudu. Lakini nilipompa chai alishika kikombe kwa mikono miwili na bado ikamwagikia sahani. Nikamuuliza. Akasema lithiamu, ile dawa yake ya akili, ndiyo inamtetemesha, tena ataiacha mwisho wa mwezi kwa sababu amepona. Kisha akatoa mfukoni ibuprofeni za mgongo, anazinunua mwenyewe. Moyo ukanilipuka.

Nivumilie, wajua nashinda kwenye kaunta ya dawa. Lithiamu ni chumvi, na figo huichukulia kama sodiamu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huzuia figo kuitoa, ikajazana mwilini. Hata kuharisha au jasho jingi huweza kuipandisha. Kwenye damu hutakiwa iwe kama milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Ikipita 1.5 tunaogopa sumu: kutapika, kuyumba, ulimi mzito. Vidole kutetemeka kidogo ni kawaida, lakini kwa kiasi kile nilichokiona lazima apimwe.

Na huko kuiacha ndiko kunaninyima usingizi. Daktari John Cade wa Australia aliimeza kwanza yeye mwenyewe, halafu Machi 1948 akampa mgonjwa wa miaka 51 aliyekuwa amepandwa na kichaa kwa miaka 5, halali, hatulii. Julai mtu yule akatoka hospitali, akarudi hadi kwenye kazi yake ya zamani. Akajiona mzima, akazembea dawa, na miezi michache baadaye yuko wodini tena. Mwaka 1950 akafa kwa sumu ya dawa hiyo hiyo, kwani enzi zile wagonjwa hawakuwa wakifuatiliwa kwa kupimwa damu kama sasa. Nikimkumbuka namwona Baraka, ila Baraka kipimo anacho, pale kliniki yake, hospitali ya akili ya Mathari.

Mimi nimesema nikachoka. Wewe ndiye dada mkubwa, wewe atakusikia. Mwambie ibuprofeni aache leo, na mgongo amweleze daktari. Lithiamu asiikate ghafla; kama inamsumbua, daktari ndiye wa kupunguza. Aende wiki hii, damu itolewe asubuhi kabla hajameza, ziwe zimepita saa 12 tangu dozi ya usiku. Akitapika au akianza kuyumba asingoje kliniki, aende kasualti hapo hapo. Maskini, alivyokuwa Disemba ile! Sitaki tena kumwona Mama akilala kwenye benchi.

Je, Mama anajua kuhusu huo mgongo? Ni mjomba Musyoka tena anayemwambia dawa za kichwa humfanya mtu zezeta? Mara ya mwisho alipimwa figo na tezi ya shingo lini, cheti unacho? Waweza kumpigia leo jioni akitoka kazini, kabla hajafika kwa kina Kevo? Na wewe presha yako, bado unameza zile za asubuhi? Ukishaongea naye niambie alivyokujibu, hata kama ni usiku.

Wako,
Wanjiru