Mahojiano yafanye barazani

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata kwa nduguyo, lakini habari ya kwamba Jumatatu mnatoka Nairobi kwenda vijijini kuhoji watu kwa kura za maoni nimeipata kwa jirani. Nachambua mchele, mtu anapita ananipa hongera ya kazi ya mwanangu, nami najifanya najua. Hilo tuliache.

Nina neno moja tu. Ukipiga hodi ukakaribishwa, keti barazani. Kama hawana baraza keti uwanjani, chini ya mwembe, juu ya ndoo iliyofudikizwa, popote, ila usiingie ndani. Wapita njia wakuone. Najua mmepewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na barua ya kumwonyesha chifu. Kitambulisho hakimzuii mtu kufunga mlango. Januari 2024 wanawake walipotoka barabarani, Mombasa na Nairobi, kwa sababu ya wasichana waliokuwa wakiuawa vyumbani, mimi ndiye niliyekukataza usiende. Ukaenda. Na leo ni mimi ninayekukumbusha wale wasichana.

Kazi yenyewe naielewa, usidhani nilikuwa nasinzia uliponieleza. Nyumba moja mwanamume, inayofuata mwanamke, mpaka watimie watu 2,400, nusu kwa nusu, nao ndio wa kuisemea Kenya nzima, kukosea ni asilimia mbili hivi huku au huku. Babako anacheka. Anasema 2022 kura za maoni zilimweka marehemu Raila mbele mpaka siku za mwisho, kisha Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49. Watu hao ni waongo, anasema. Mimi nanyamaza, maana waongo wengine najua walikuwa wapi.

Alikuja mmoja kwetu mwaka ule, wiki chache kabla ya uchaguzi. Wewe ulikuwa chuoni. Msichana wa watu, viatu vimejaa vumbi, simu mkononi. Zamu ikaangukia mwanamke, na mwanamke wa nyumba ni mimi. Babako akamwambia, niulize mimi, huyu na mimi ni kitu kimoja. Msichana akakataa kwa adabu. Basi babako akavuta kiti, akaketi palepale barazani kama anayesubiri chai. Nikaulizwa ugavana wa Kwale nitampigia nani. Nikasema sijaamua. Mwanangu, nilikuwa nimeamua tangu mwezi wa nne! Akarudia: na kama kura ingepigwa leo? Nikasema bado natafuta ushauri. Akabonyeza simu yake. Mwisho akabonyeza tena pasipo kuniuliza kitu, na ni juzi tu uliponambia kuhusu lile swali mnalojijibu wenyewe, kama palikuwa na mtu mwingine anayesikiliza, ndipo nikajua alikuwa ananiandika nini.

Achani alishinda. Mwanamke wa kwanza kuwa gavana huku Pwani, baada ya mihula miwili ya unaibu. Siku ile nilipika pilau na sikusema ni ya nini. Babako alikula sahani mbili.

Sasa usije ukaniambia kisa hiki kinapinga neno langu la barazani. Nakiona mwenyewe. Yule msichana angeomba tuingie jikoni, nikawa nakuna nazi huku ananiuliza, angepata jibu la kweli. Lakini angekuwa ndani ya nyumba asiyoijua. Keti barazani.

Yule mama mkwe wa Gallup, Mmarekani wa kura za maoni, uliyenihadithia, mama wa jimbo la Iowa, simsahau. Wewe ulikuwa umefurahia hesabu: mkwewe anapima maoni, na mwaka 1932 mjane anachaguliwa kuwa waziri wa jimbo mahali ambapo chama chake hakikuzoea kushinda. Mimi nilikuwa nikimfikiria mama mwenyewe. Mumewe aligombea ugavana akashindwa, akafa, ndipo yeye akaonekana kumbe naye anafaa. Na hata baada ya hapo, ukasema, kijana yuleyule na wenzake wakaendelea kuhoji wanawake wachache kuliko wanaume, wakidhani mke hufuata kura ya mumewe. Mama mkwe amemfungulia mlango, hata hilo hakulitazama?

Mambo hayo huwa nayafuata redioni nikiwa kwenye cherehani, na babako anadhani nasikiliza taarab. Nilifuata ile ya thuluthi mbili tangu Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi hapo. Nikamsikia Jaji Mkuu Maraga Septemba 2020 akimshauri rais alivunje Bunge kwa kutopitisha sheria hiyo. Halikuvunjwa. Magavana wanawake 2013 hakuna, 2017 watatu, 2022 saba kati ya 47. Nilizihesabu kwa vifungo. Nduguyo akaniuliza vifungo hivi ni vya gauni la nani, nikamwambia la bibi harusi.

Hapa ndipo ninapokusifu, ingawa hukuniaga. Unakwenda kumuuliza mwanamke anaonaje, na jibu lake linahesabiwa moja sawa na la mumewe. Sisi nyumba hii hatukuwa hivyo. Mwaka ule pesa zilipotosha karo ya mmoja, tulianza na nduguyo, wewe ukangoja mwaka mzima ukinisaidia kukata vitambaa. Hukuulizwa. Nilisema umeridhika, nikamwambia babako, nikawaambia na shangazi zako, kila mtu akakusifu kwa kuridhika. Ulikuwa huongei sana mwaka ule. Vitambaa ulivikata vizuri, lakini.

Nimeuliza kama hakuna kazi ya kupiga simu, wenzenu wengine wanaketi ofisini wanapiga simu tu. Nduguyo anasema ipo. Sasa kwa nini usiombe hiyo? Ijapokuwa ukimpigia mama wa nyumba ya tatu hapa utaongea na mumewe, kwa sababu simu iko mfukoni mwake. Haya, basi. Nenda kwa miguu, ila mwenzako awe nyumba ya pili, na saa kumi na mbili jioni uwe umetoka kijijini. Ukikuta mwanamume peke yake na zamu ni ya mwanamume, muulize mkiwa nje. Akikwambia jua kali, mwambie umezoea jua, kwenu Kwale.

Paa la jikoni limevuja upande wa kuni. Fundi anataka makuti mia mbili, mimi nimemwambia mia na hamsini atengeneze na abaki na heshima yake. Ile mbuzi mweusi imezaa mapacha, mmoja dume, babako ameshampa jina, wa kike bado. Pesa ulizotuma kwa M-Pesa zimeingia, nikanunua tokeni za stima, zilizobaki nimeziweka kwenye chama cha akiba kwa jina lako, usiniulize kwa nini siyo kwa langu. Leso zako mbili ziko kwenye sanduku, nimezitia karafuu. Mpe mtu aje azichukue, utazihitaji kujifunika kwenye magari ya usiku.

Halafu, kama mtafika Kwale, najua hamruhusiwi kuhoji jamaa zenu. Mtume mwenzako wa kike. Aje saa ya alasiri, babako akiwa msikitini, na apitie mlango wa jikoni.

Mamako