Si kila anayejiita mwanasheria ni solisita

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu kuhusu Waswahili wa huku Uingereza wanaoandikishiwa wosia, nzuri sana, ila wote wanaowaandikia mmewaita mawakili na hapo ndo watu wanapopigwa. England mtu yeyote anaweza kujiita mwanasheria, akafungua ofisi na kukuandikia wosia kwa malipo, wala hajavunja sheria, lakini solisita (solicitor), yaani mwanasheria aliyesajiliwa rasmi, ni jina linalolindwa na sheria ya masolisita ya 1974 na anasimamiwa na SRA, mamlaka ya kusimamia masolisita, akiharibu anapelekwa baraza la nidhamu na anaweza kufutwa kabisa. Tena akikwapua pesa za mteja kuna mfuko wa fidia unaoweza kulipa mpaka pauni 500,000. Huyo wa "mie nimesoma sheria" ukimdai unaanzia wapi?

Naomba gazeti litofautishe hayo majina, na mkumbushe watu watafute jina la mtu kwenye tovuti ya SRA kabla hawajatoa hata pauni moja, ni bure. Wamuulize na namba yake ya SRA, mimi niliona haya kumuuliza mtu kavaa tai, kumbe jamaa akanitajia bila hata kukunja uso.

Msomaji wenu,
Leicester