Shingo za maganda yako

Yambo yaya Ilunga, mkubwa wangu,

Mesaji yako nimeisoma jana usiku, na zile picha za maganda ya risasi shingo zimepasuka. Nikacheka: yaya anatoka Katuba ya Lubumbashi anaenda mpaka Idaho kule Amerika kisha anauliza fundi wa kupiga shaba mambo ya bunduki! Lakini sikia, hapo shida si bunduki, ni madini imechoka.

Umesema unachukua ganda la risasi ya .30-06 unalibana shingo liingie kwa ile kalibre yako, ile saizi ya risasi isiyouzwa dukani, kisha unalipiga ndani ya bunduki yenyewe ili mabega yapanuke. Sawa, najua hata .25-06 ilianza hivyo, watu wakitengeneza nyumbani, mpaka kampuni ya bunduki Remington wakaipokea 1969. Ila letoni ya ganda ni shaba 70 na zinki 30 kwa 100, na kila ukiibana inakuwa ngumu. Plaki yangu, ile bati ya shaba ninayopiga, ni vile vile, mwanzoni inasikia nyundo kama unga wa bukari, halafu kidogo kidogo sauti inabadilika, inalia kama sahani, hapo sharti moto ilainike tena. Mwaka jana nilikuwa na komandi, watu wa ndoa waliagiza picha ya ndovu ya shaba, nikaharakisha, nikasema nimalize tu mkonga kisha nitapasha, tiii! ikapasuka kwenye ncha kabisa. Plaki ingine nilinunua na pesa ya mfuko wangu, na bibi arusi alikuwa anapiga simu kila saa.

Sasa wewe pasha shingo na bega tu, yaya, usiguse chini. Kule chini ndiko kunazuia presha, kukilainika ganda linaweza kupasuka mbele ya uso wako. Simamisha maganda ndani ya sahani ya maji mpaka nusu, pitisha shalimo, ile taa ya gesi ya kuchomea, juu, kisha sukuma liangukie maji. Usiogope maji, hii si chuma, haikazwi na maji. Na fanya kwenye giza kidogo uone rangi, juu mimi shaba yangu naipasha mpaka nyekundu lakini letoni yako nyembamba ikifika nyekundu ya kuwaka umeshapitisha moto.

Tena usiyaoshe maganda na amonia! Zamani risasi za Waingereza kule India zilikuwa zinapasuka zenyewe stoo, hazijapigwa hata moja, wakati wa mvua, karibu na farasi. Ilikuwa amonia ya mikojo ya farasi.

Mambo ya baruti siingii, hiyo ni yako, ila kama kalibre haina kitabu cha vipimo vya baruti anza na kidogo kabisa, si vile unavyoendesha pikipiki.

Yale yaliyopasuka usitupe, ningeyapenda kwa vipini vidogo. Lakini usiyabebe kwenye valizi, pale Luano, uwanja wa ndege, watakuuliza maswali mpaka asubuhi.

Mama anakusalimia, anauliza kama huko unakula bukari, ugali wetu, ao ni mkate tu.

Ndugu yako wa atelie