Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha walimu wa ununuzi,

Shughuli za mwaka mnazifahamu. Kongamano tumefanya Morogoro, semina mbili za NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, zimekwisha, mapitio ya katiba yanaendelea. Ikisiri 23 zilipokelewa, mada 11 zikawasilishwa, ikiwemo ile nzuri ya kahawa ya Kagera na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu. Nyingine, niseme ukweli, zilikuwa dodoso lilelile: ofisa ugavi anaulizwa kama anajali mazingira, anaweka tiki kwenye "nakubali sana", sisi tunaandika asilimia. Stoo hakuna aliyeingia.

Sasa mikoba ya washiriki wa kongamano.

Maneno yamekuwa mengi, hasa WhatsApp, kwamba mwenyekiti wa chama cha walimu wa ununuzi ameiruka bei ya chini. Ni kweli. Nukuu tatu za bei zipo kwenye faili. Ya chini ilikuwa shilingi 4,000, mfuko mbadala uliotapakaa baada ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019. Ukiushika utadhani kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ileile iliyobadili vazi. Nilichukua mikoba ya pamba nzito ya kikundi cha akina mama mafundi cherehani, shilingi 9,000. Mikoba 150, jumla 1,350,000, tofauti 750,000.

Mweka Hazina anaiita hasara. Mimi naiita gharama ya maisha yote ya bidhaa, yaani si bei ya siku ya kununua tu, somo analolifundisha yeye mwenyewe muhula wa pili. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Sisi si taasisi ya umma, Katibu amenikumbusha mara tatu. Lakini wanafunzi wetu wana macho.

Kuhusu kuchelewa: mikoba 90 ilifika siku ya ufunguzi, 60 wiki iliyofuata, baada ya cherehani kuharibika. Hakuna aliyekosa, kwa sababu mlihudhuria 58. Kati ya wanachama 212! Mikoba 92 ingali ofisini kwangu, imekalia kiti cha wageni.

Ada ni shilingi 50,000. Wamelipa 79, sawa na 3,950,000, tunadai 6,650,000. Ile tofauti ya mikoba inayopigiwa kelele ni ada ya watu 15 tu, na baadhi ya wanaoandika kwa herufi kubwa wamo miongoni mwa 133 wasiolipa. Sitawataja.

Huko mbele tunatarajia kuwa na jarida letu, Mungu akijalia. Fedha zikipatikana, tungependa pia kupima, kwa mizani na stakabadhi na si kwa dodoso, shule zinavyonunua gesi badala ya kuni tangu lilipotoka agizo la kuacha kuni kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Nimeshaandika andiko la awali, kwa muda wangu na karatasi zangu.

Mkutano huu tuliuahirisha mara moja kwa kukosa akidi. Mtakaokuja safari hii, chukueni mkoba. Hata miwili.

Mwenyekiti