Barua kwa Mama Upendo: Hajiri na lile agizo la kurudi

Bagamoyo

Mpendwa Mama Upendo,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba umoja wa akina mama huko Tanga umekukabidhi somo la Kwaresima. Unauliza kama inafaa kusoma habari za Hajiri, mjakazi aliyemkimbia bibi yake Sara kwa sababu ya mateso, mbele ya wanawake ambao baadhi yao wanapigwa majumbani mwao, ilhali wazee wa usharika wenu wamezoea kumsomea kila mke aliyekimbia kipigo ule mstari wa Mwanzo 16:9, unaomwagiza Hajiri arudi kwa bibi yake. Naona inafaa, tena kwa sababu ya mstari huohuo, kwa kuwa mkiuruka utabaki mikononi mwa wanaoutumia vibaya.

Hapa kwetu alikuja mama mmoja kwenye jumuiya, siku ya joto kali, akiwa amejitanda ushungi hadi kidevuni. Alipoinama kupokea kikombe cha chai ushungi ukateleza, tukaliona taya lililovimba. Mzee mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kila mtu ana msalaba wake. Upole ule ndio ulioniudhi zaidi, maana mtu akikaripiwa anaweza kubisha, lakini akifarijiwa kwa neno la namna hiyo huondoka akiamini kuwa Mungu ndiye aliyempangia. Msalaba ambao Yesu aliwataka wafuasi wake wajitwike katika Marko 8:34 ulikuwa gharama ya kumfuata yeye mbele ya watawala waliokuwa na uwezo wa kuua, wala hakuna mahali alipoufananisha na ngumi za mume.

Joanne Carlson Brown na Rebecca Parker, wanateolojia wa Marekani, waliandika mwaka 1989 kwamba mahubiri yanayosifu mateso ya Mwana aliyemtii Baba huwazoeza wanaoteswa kunyamaza. Mimi siwafuati hadi mwisho, kwa sababu wapo akina mama ninaowafahamu ambao wamesimama tena kwa kujua kwamba Yesu naye alipigwa bila haki. Hata hivyo onyo lao nalichukua kwa uzito kila ifikapo Ijumaa Kuu.

Kuhusu Hajiri mwenyewe, aliyenisaidia ni Delores Williams, Mmarekani mweusi, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1993 hakuukwepa ugumu wa agizo lile. Anakiri kwamba katika sura ya 16 Mungu hamwokoi Hajiri kutoka utumwani. Anamsaidia kubaki hai, yeye aliye mjamzito, peke yake jangwani. Agizo hilo, basi, lilikuwa la saa ile ya hatari, wala halikuwa kanuni ya ndoa. Tena wazee wetu huifunga Biblia mapema mno, kwani katika sura ya 21 Hajiri yuko nje tena na mwanawe, kiriba kimekauka, na safari hii hakuna anayemwambia arudi: Mungu anamfumbua macho, anaona kisima.

Jiandae kwa jambo moja ambalo litawakera baadhi ya wanachama wako. Aliyemtesa Hajiri ni mwanamke mwenzake, na wengi wetu tunaolia juu ya waume zetu tuna binti wa kazi jikoni anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Katika mji huu, ambako misafara ya watumwa kutoka bara iliishia, na ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha waliokombolewa, ni vigumu kumsoma Hajiri kama mtu wa mbali. (Jirani zangu Waislamu wanamheshimu kuliko sisi, kukimbia kwa Bi Hajara kati ya Safa na Marwa akitafuta maji hukumbukwa katika kila hija.)

Usiwahubirie kwa muda mrefu. Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake, waliounda mtandao wa wanateolojia wanawake wa Afrika mwaka 1989, walitaka teolojia ianzie kwenye maisha ya wanawake wenyewe. Yule mama wa Marko 5 aliyetokwa na damu kwa miaka 12 alipewa nafasi ya kueleza kweli yote mbele ya watu, huku binti wa Yairo akiwa mahututi na watu wakiharakisha. Asiyetaka kusema, asishurutishwe.

Kabla ya siku hiyo, zungumza na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi, ili atakayefunguka apate pa kwenda, na aelekezwe kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kama ameumizwa. Wazee nao waonyeshe kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nijulishe tarehe mapema, maana ningependa nije mwenyewe.

Ndimi rafiki yako,
Mama Baraka